Fidla Arobaini na Moja kwa Pumzi Moja

Bohari ya Samani, geti la nyuma
Jumapili, 4 Februari

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naitanguliza, shikamoo yako itafuata nyuma. Hapa kwetu afya ipo tele, nyingine tunagawia majirani; niambie ya huko.

Mama yako alinisomea ujumbe wako mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa, ya pili sikuamini, ya tatu nikampokonya simu nikausoma kwa macho yangu. Kumbe kweli! Wewe na wahitimu wenzako wa muziki, kumi na wawili tu, mmechukuliwa mfundwe muhula mzima namna ya kufundisha ala shule za msingi. Tena si mtoto mmoja chumbani na mwalimu wake, kama wafanyavyo wenye nazo, bali darasa zima kwa mkupuo, kila mtoto na fidla yake begani. Nikauliza, "Watoto wangapi?" Mama yako akasema, "Arobaini na moja." Nikapiga ukelele mpaka mlinzi akaja na rungu.

Sasa sikiliza. Unaweza kudhani mjomba wako, mtu wa darasa la tano (nalo nililikaa miaka miwili kwa kulipenda), hana la kukwambia kuhusu muziki. Pole. Nani aliyepandisha piano hadi ghorofa ya sita siku ambayo lifti ilikuwa imekufa? Mimi. Kilo mia nne. Tulikuwa watu sita lakini watano walikuwa mapambo. Nilibeba kona ya mbele peke yangu, na kwa jinsi nilivyokwenda laini, piano ikawa inajipiga yenyewe ngazi hadi ngazi, wapangaji wakafungua milango na kuanza kucheza kwenye korido. Hapo ndipo nilipopewa jina la Winchi. Mtu haitwi winchi kama hainui.

Kwa hiyo ukikwama usihangaike na vitabu. Niulize mimi.

Barua hii analeta dereva wa lori letu, anayepita mji wako mara mbili kila wiki. Mpe na majibu. Simu siitaki, maneno makubwa hayapiti kwenye simu, yanakwama.

Mjomba wako,
Winchi


Alhamisi, 15 Februari

Shikamoo mjomba,

Nimekwama.

Fidla zilikuja kwenye makasha meusi madogo, arobaini na moja, zikapangwa ukutani chini ya ramani. Watoto walipoingia darasani hakuna aliyepumua. Halafu wakapumua wote, na kelele zake ungezisikia huko bohari. Mmoja aliuliza kama inauma. Mwingine alitaka kujua inakula nini.

Mjomba, unajua nimekaa miaka minne chuoni kwenye chumba chenye ukubwa wa kabati, nikiifukuzia sauti moja mpaka inyooke. Basi niliposikia fidla ya kwanza iko chini kidogo, masikio yangu yakakataa. Nikaishika, nikakaza uzi, nikasikiliza, nikalegeza, nikakaza. Nyuzi nne. Nikaenda kwa mtoto wa pili. Nyuzi nne. Somo lina dakika hamsini. Kengele ilipolia nilikuwa kwenye fidla ya kumi na saba, na hakuna mtoto aliyekuwa amepiga hata noti moja. Wale ishirini na nne waliobaki walikuwa vitani, wanapigana kwa pinde.

Kuna msichana tumempa jina la Mheshimiwa, kwa sababu hawezi kusema neno bila kusimama. Akasimama. "Mwalimu, hoja. Hiki kitu kinapigwa, au kinarekebishwa tu?"

Mkufunzi wetu, sisi wanafunzi wake tunamwita Bibi Kimya, alikuwa mlangoni. Anaongea maneno kama mtu anayelipishwa kwa kila neno. Akasema: "Kuanzia kesho, zitakazwa nanyi kumi na wawili kabla watoto hawajaingia. Na utaanza na uzi mmoja." Akaondoka. Tangu siku hiyo hilo la kukaza limekwisha.

Lakini hawaanzi pamoja, mjomba! Nahesabu moja, mbili, tatu, nne. Wengine wanaanza kwenye tatu. Wengine wanangoja nne ipite kwanza, kwa adabu. Na wako wanaoanza wanapojisikia. Ni kama mtu kamwaga sufuria ngazini.

Mambo yako hivi. Bibi Kimya atakuja kukaa nyuma ya darasa langu mara mbili: tarehe 23 mwezi huu, na tarehe 18 mwezi ujao. Nikifaulu, darasa hili linakuwa langu, kazi ya kudumu. Nisipofaulu, fidla zote zinarudi kwenye makasha yake na kupelekwa shule nyingine, yenye mwalimu aliyefaulu. Watoto hawajaambiwa. Wameshazipa majina, mjomba. Wanaziaga wakitoka.

Sasa nakuuliza bila utani. Wewe na wale watano mlioinua piano: mlianzaje kwa pamoja?

Mpwa wako


Bohari ya Samani
Jumapili, 18 Februari

Mpwa wangu kipenzi,

Kwa swali hilo umegonga mlango unaostahili!

Nimelisoma nimesimama, nikaita watu wote wa bohari nikawaambia: mnaona? Msomi mwenye joho anamwuliza Winchi! Msimamizi akasema turudi kazini. Wivu.

Jibu ni rahisi kama kunywa maji. Watu wengi ni kama mkokoteni: mvute kichwa, mkia utafuata. Mimi nikikabili mzigo, siombi wala sihesabu. Nashika kona ya mbele, naunyanyua mwenyewe, juu! Wale wa nyuma wakishtuka wanakuta uzito umeshakwisha, kazi yao ni kutembea tu. Siku moja niliinua meza ya mikutano ya watu ishirini namna hiyo, na wawili wa nyuma walikuwa bado wamelala juu yake. Hawakuamka mpaka ghorofa ya tatu.

Kwa hiyo usiwasubiri watoto. Simama mbele, shika fidla yako, piga kwa nguvu zako zote. Wabebe! Watafuata tu, watakwenda wapi?

Tarehe 23 nitavaa shati jeupe kutwa nzima kwa heshima yako.

Mjomba wako,
Winchi, kona ya mbele


Jumatatu, 26 Februari

Shikamoo mjomba,

Nilifanya ulivyosema.

Nilisimama mbele, nikapiga kwa nguvu zote, na mjomba, palipendeza! Chumba kilijaa. Pinde zilikuwa zinakwenda, Mheshimiwa amefumba macho kama yuko ukumbini. Nilijisikia nina mabawa. Nikamaliza nikamtazama Bibi Kimya kule nyuma, kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kidevuni, nikitarajia angalau kope zitikisike.

Akasema, "Nimemsikia mpiga fidla mzuri sana. Darasa sijalisikia."

Kisha akaniambia niiweke fidla yangu mezani, watoto wapige peke yao. Nikaiweka. Nikahesabu hadi nne. Zilisikika fidla tatu, zikaona aibu, zikanyamaza. Wengine thelathini na wanane walikuwa wananitazama mkononi, wanatafuta fidla yangu imekwenda wapi. Kumbe siku zote walikuwa wanapitisha upinde hewani, hawaugusi uzi. Kwa nini wajisumbue? Mimi nilikuwa nawapigia.

"Umewabebea," akasema Bibi Kimya. "Imebaki mara moja."

Mjomba, sikulaumu. Piano ilipanda, na watoto hawakupanda. Lazima kuna kitu nimekiruka. Naomba unieleze tena, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Wewe ulishika wapi? Wao walishika wapi? Nani alianza, na wengine walijuaje?

Na mama anasema mtaa mzima unampongeza kwamba nimeshafaulu. Amewauliza nani kasema. Wote wamelitaja jina moja.

Mpwa wako


Bohari ya Samani
Jumamosi, 9 Machi

Mpwa wangu,

Dereva amepita hapa mara mbili bila barua yangu. Nilimwambia kalamu imekwisha wino. Kalamu ilikuwa nzima.

Kaa chini. Umekaa? Mimi sijawahi kubeba piano. Wala kabati. Wala kiti, ukitoa hiki ninachokalia.

Nilianza kazi hapa nikiwa na miaka kumi na tisa. Siku ya nne bega la kulia likateguka. Ungeuliza kwa mzigo gani, nami ningependa kusema jiwe la kusagia nafaka, lakini leo nimeapa: lilikuwa godoro. Godoro la mtu mmoja. Bega halikurudi sawasawa hadi leo. Msimamizi wa wakati ule alikuwa ameshaandika karatasi ya kuniondoa. Nikawa nimekaa pembeni, mkono umefungwa shingoni, nawatazama wenzangu wanainua jokofu. Wanahesabu moja, mbili, tatu, jokofu linapanda upande huu, linashuka upande ule, vidole vya watu viko chini yake. Nikapiga kelele, "Ngojeni! Nitazameni!" Sikujua nitasema nini. Nikavuta pumzi tu, kwa nguvu, kifua kikapanda. Na wao wakavuta. Tulipoitoa, jokofu lilikuwa mabegani, limetulia kama paka.

Tangu hapo kazi yangu ni hiyo. Miaka ishirini na sita nasimama mikono mitupu. Jina la Winchi walinipa kwa kejeli, kwa sababu ndiyo winchi pekee mjini isiyoinua.

Kwenye ile piano nilikuwa ngazi tatu juu yao, mikono mfukoni.

Nilipopata swali lako niliona haya kumwandikia msomi kwamba mjomba wake analipwa kwa kupumua. Nikaweka chumvi, na chumvi yangu ikaharibu chungu chako. Hilo ndilo lililonichelewesha wiki hizi, si kalamu.

Basi chukua ukweli, huenda unafaa kitu. Usihesabu. Ukihesabu, mmoja anainua kwenye tatu, mwingine baada ya tatu, wa mwisho anawaza chakula cha mchana. Lakini mtu aliyevuta pumzi hana ujanja, lazima aitoe. Na akiitoa, mikono inakwenda nayo. Simama mahali ambapo kila mmoja anakiona kifua chako. Vuta kwa kasi ile ile unayotaka waende. Ukivuta kwa pupa, wataruka, ukivuta kivivu, watalala. Na usiguse mzigo, mama! Hata kidole. Niliwahi kujaribu kusaidia, kabati likaanguka. Nikishika mzigo, pumzi yangu inakuwa ya mzigo. Haiwi ya watu tena.

Halafu ukishavuta, waamini. Hapo ndipo pagumu. Kila siku, kabla hawajanyanyua, kuna kipande kidogo ambacho moyo wangu husimama, nadhani leo hawatainua. Miaka ishirini na sita, na bado.

Ukinidharau nitaelewa. Ukimwambia mama yako, mwambie polepole.

Mjomba wako


Jumanne, 19 Machi

MJOMBA! Shikamoo! Shikamoo mara arobaini na moja!

Nikuambie kwa mpangilio, nisije nikaanzia mwisho.

Barua yako niliisoma chumba cha walimu, nikaisoma tena, kisha nikacheka mpaka mwalimu wa hesabu akaniletea maji. Mjomba, sisi wapiga ala tukikaa wanne kupiga pamoja, tunaanza hivyohivyo! Anayeongoza anavuta pumzi puani, wote wanaingia. Nimelifanya miaka minne bila kulifikiria. Nilipowekwa mbele ya watoto nikalisahau, nikawa nahesabu kama mtu anayegawa mayai.

Kesho yake niliingia darasani nikaifungia fidla yangu kwenye kasha mbele yao. Nikasema leo hatupigi, tunapumua. Mheshimiwa akasimama: "Mwalimu, hoja. Kupumua tunajua." Nikamwambia athibitishe. Nikavuta. Wakavuta, kila mtu kwa ratiba yake, kama kundi la mbuzi wenye mafua. Tukarudia. Siku ya tatu wakavuta kama mtu mmoja, na pinde zikapanda zenyewe, mjomba, sikuwaambia, zikapanda! Zikashuka kwenye uzi. Sauti moja. Nene, inakwaruza kidogo, lakini moja, mpaka ramani ukutani ilitikisika. Walishtuka wenyewe. Mmoja akageuka kutazama nyuma, anatafuta nani kapiga.

Jana sasa. Bibi Kimya kwenye kile kiti kidogo, daftari gotini. Nafungua mdomo kusalimu, TA! kama risasi. Uzi umekatika. Fidla ya nani? Ya Mheshimiwa, bila shaka.

Zamani ningesimamisha darasa zima nianze kutafuta uzi mpya. Akasimama, akajikaza: "Mwalimu, taarifa. Wangu amefariki." Nikafungua kasha langu, nikampa fidla yangu mwenyewe. Kubwa! Mkono wake haufiki mwisho, kidevu kimezama. Na mimi nimebaki mikono mitupu, hata ningetaka kuwapigia nisingeweza. Nikasimama mahali wote wanaona kifua changu.

Nikavuta pumzi.

Na kile kipande kidogo ulichokisema, mjomba, nilikikuta. Kirefu kama korido. Nikajua hawatapiga. Nikaziona fidla zinarudi kwenye makasha, moja moja.

Wakapiga.

Wimbo wetu mfupi wa noti tatu, wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara ya pili nikatembea katikati ya madawati. Mara ya tatu nikaenda hadi dirishani, nikawageuzia mgongo, sikuvuta kitu. Nyuma yangu nikasikia mtu kavuta pumzi puani, kubwa, ya kiongozi. Mheshimiwa! Na darasa zima likaingia naye.

Nilipogeuka nikamtazama Bibi Kimya. Daftari limeanguka chini, tupu. Mkono wake uko juu hewani na kalamu ndani yake, kama upinde. Alikuwa amevuta pumzi na watoto, akasahau kuishusha.

Akauliza, "Nani kakufundisha hivyo?"

"Mjomba wangu."

"Mwanamuziki?"

"Hapana. Anahamisha makabati."

Akafikiri. Akasema, "Njoo ofisini utie sahihi. Hili ni darasa lako." Maneno manane, mjomba! Wenzangu wanasema kwa habari njema hajawahi kufika manane.

Fidla zinabaki. Tarehe 27, saa nne asubuhi, watapiga uwanjani mbele ya wazazi. Njoo. Njoo na wale watano.

Nikudharau? Mimi jana nilisimama mahali unaposimama wewe kila siku.

Mpwa wako, mwalimu wa Darasa la Nne


Bohari ya Samani
Ijumaa, 22 Machi

Mwalimu!

Barua yako nimeipokea getini, nikaisoma kwa sauti, nikafika pale uzi ulipokatika nikaruka mpaka kofia ikaenda juu ya lori, na iko hukohuko hadi sasa, imeshafika mji mwingine. Mama yako nimempigia simu. Alilia, akacheka, akaniambia kwamba bega aliliona tangu zamani, alikuwa anangoja tu niseme mwenyewe. Miaka ishirini na sita dada yangu ananingoja! Wanawake wa kwetu wana subira ya jiwe.

Lakini kuna balaa limenipata, nisaidie haraka.

Nimewaambia watu wa hapa kila kitu. Kwamba kuna watoto arobaini na moja, wa miaka tisa na kumi, wanapiga fidla zote kwa wakati mmoja, hakuna anayehesabu, hakuna anayewapigia, na kwamba mkufunzi mkubwa amesahau mkono wake hewani kwa sababu ya pumzi iliyotoka hapa geti la nyuma. Sikuongeza chembe. Nilipunguza hata!

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, "Winchi, arobaini na moja? Sema kumi, tukubaliane." Mwingine, "Punguza chumvi, mzee, presha itakupanda." Mimi, niliyewaambia meza ilipanda na watu wamelala juu yake, wakaamini! Niliwaambia piano ilijipiga yenyewe, wakawasimulia wake zao! Leo nasema kweli ya kwanza tangu niajiriwe, wananiambia nikapumzike kivulini.

Barua yako nimewaonyesha. Wanasema mpwa wa Winchi ni damu ya Winchi.

Tafadhali niandikie ushahidi. Uwe na mhuri wa shule, ule wa duara. Bila mhuri hawapandi lori tarehe 27, na mimi bila wao siji. Nitakuja na nani wa kumwambia "nilikwambia"?

Mjomba wako,
mkweli anayeteseka


SHULE YA MSINGI
DARASA LA NNE
Jumatatu, 25 Machi

Kwa Wahamisha Makabati Wote,
Bohari ya Samani, Geti la Nyuma.

YAH: MJOMBA WA MWALIMU KUSEMA KWELI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni arobaini na moja. Tumejihesabu mara mbili, mara ya kwanza tulikuwa arobaini kwa sababu anayehesabu alijisahau. Kila mtu ana fidla. Hakuna anayehesabu tukianza. Mwalimu hatupigii. Yote ni kweli.

Mwalimu amesema tusiandike ya uongo, kwa hiyo tunaongeza kwamba kuna wawili bado wanakwaruza, lakini wanakwaruza kwa wakati.

Jumatano mje wote sita. Viti vyetu ni vidogo, mtasimama. Mjomba wa Mwalimu asimame mbele kabisa ambapo tutamwona, kwa sababu siku hiyo Mwalimu amesema atakaa na wazazi.

Tunaanza saa nne kamili. Asichelewe. Tutakuwa tumeinua pinde tunamngoja.

Wenu katika kazi,
Mheshimiwa, kwa niaba ya Darasa la Nne

(Mhuri wa duara umegongwa hapa, mara tatu.)